Taa ya kijani, thamani iliyoganda: kutafuta hitilafu kati ya PLC zinazopeana data kupitia swichi

Saa tisa usiku simu iliita. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja hapa Jinja, Uganda: "Fundi, samahani kukuamsha. Tangi la juu linamwaga maji, na huku skrini inasema asilimia 63."

Nikamuuliza imekuwa ikisema 63 tangu saa ngapi. Akanyamaza kidogo. "Tangu nilipoingia zamu, saa mbili."

Jibu hilo lilinipa nusu ya ugonjwa kabla sijavaa viatu. Kiwango cha maji kwenye tangi linalotumika hakiwezi kukaa palepale saa saba. Namba ile haikuwa kipimo tena, ilikuwa kumbukumbu.

Mpangilio wenyewe ni wa kawaida. PLC moja (kompyuta ya viwandani inayoendesha mashine) iko chini karibu na mto, inaendesha pampu. Nyingine iko juu penye tangi, zaidi ya mita 300, inasoma kihisi cha kiwango. Katikati kuna swichi ya Ethernet (si ile ya taa ukutani, ni kile kisanduku cha poti nyingi za mtandao), na kwa sababu ya umbali kuna kebo ya faiba, inayopitisha mwanga badala ya umeme, yenye konveta ya kugeuza mwanga na umeme kila upande. PLC ya chini inauliza, ya juu inajibu, kwa itifaki ya Modbus TCP, yaani kanuni za vifaa kuzungumza mtandaoni. Nimekuta mipangilio kama hii kwenye maji, chai, sukari na nafaka, kuanzia Namanve hadi Mbale. Zamu za usiku msimamizi anaweza kuwa mtu wa Arua, fundi umeme mtu wa Tororo, nami natoka Busia, na tukiwa mbele ya paneli lugha yetu ni Kiswahili. Kwa hiyo na maelezo haya nayaandika kwa Kiswahili kilekile.

Kuna ombi moja kabla ya yote. Usizime na kuwasha chochote kabla hujaangalia. Piga picha taa za swichi, taa za PLC zote mbili, na msimbo wa kosa kwenye programu. Andika saa. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Ukishazima umefuta ushahidi, na hitilafu itarudi wiki ijayo ukiwa hujui zaidi ya ulivyojua leo. Na kabla ya kuchomoa kebo yoyote, mwambie mwendeshaji, na vifaa vinavyoweza kuumiza mtu viwekwe kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono.

Thamani imeganda, kila kitu kinaonekana kizima

Naanza na dalili hii kwa sababu ndiyo ya hatari kuliko zote. Mawasiliano yakikatika waziwazi kila mtu anajua. Thamani ikiganda, mashine inaendelea kuiamini.

Nilipofika, taa ya poti iendayo tangini ilikuwa ya kijani. Fundi wa zamu alikuwa ameshazima na kuwasha PLC ya pampu mara mbili, na mara zote mbili 63 ilirudi. Rejista ya namba ile (nafasi yake ndani ya PLC) ilikuwa imewekwa kwenye kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika, basi PLC ikawa inaamka na kuisoma 63 ya zamani kana kwamba imetoka tangini muda huohuo. Taa nayo ilikuwa inasema kweli, ila kweli fupi: ilithibitisha kwamba kuna umeme na kebo nzima kati ya swichi na konveta iliyo kando yake, ndani ya paneli ileile. Faiba yenyewe ilikuwa imekatwa na jembe la mtu aliyekuwa akichimba mtaro mchana.

Konveta nyingi za faiba zina kiswichi kidogo ubavuni kinachoamua jambo hili. Kikiwa kimezimwa, upande wa shaba unaendelea kuwaka hata faiba ikiwa imekufa. Kikiwashwa, faiba ikikatika konveta inaangusha pia upande wa shaba, taa ya swichi inazimika, na mtu anayetazama anapata habari sahihi. Kiwashe pande zote mbili.

Hilo halitoshi, kwa sababu kuna njia nyingine za kuganda. PLC nyingi zikiwekwa kwenye hali ya kusimama haziachi kujibu maswali ya mtandao: programu yake haitembei, kihisi hakisomwi, lakini ukiuliza rejista inakupa thamani ya mwisho bila kosa lolote. Modbus itakuambia mambo ni shwari.

Dawa yake ni mapigo. PLC ya tangi iongeze 1 kwenye rejista moja kila sekunde, ikifika 32767 irudi 0. PLC ya pampu ilinganishe namba iliyokuja na ile ya awali. Ikibadilika, kipima muda kinaanza upya. Isipobadilika kwa sekunde 5, data yote ya tangi ihesabiwe mbovu, pampu isimame, king'ora kilie. Usitumie biti moja inayosema "niko hai" ikiwa 1, kwani 1 nayo huganda. Hesabu lazima ifanywe ndani ya programu yenyewe ya PLC inayotuma, ili programu ikisimama na hesabu isimame.

Tulipomaliza tulisubiri kukuche, tukaunga faiba, tukajaribu kwa macho yetu: msimamizi alichomoa faiba upande wa tangi huku mimi nikihesabu kwa sauti upande wa pampu. Nilipofika tano, kontakta (swichi kubwa inayowasha pampu) iliachia. Tukajaribu tena, safari hii kwa kuiweka PLC ya juu kwenye hali ya kusimama. Tano, ikaachia. Kinga ambayo hujaijaribu hivi usiihesabu kuwa ipo.

Hakuna mawasiliano kabisa

Panda kutoka chini, usiruke ngazi. Taa ya poti kwanza.

Haiwaki? Basi usifungue programu bado. Kwenye Ethernet ya megabiti 100 ni nyaya nne tu zinazobeba kazi, pini 1, 2, 3 na 6, na moja ikiwa haijabanwa vizuri kwenye plagi ya RJ45 umekwama. Badilisha kwa kebo unayoijua ni nzima, na badilisha poti. Kebo ya shaba ina kikomo cha mita 100. Ya mita 130 inaweza kuwasha taa na kukudanganya wiki nzima. Juu ya boila nimekuta ganda la kebo limekauka na kupasuka kama gome la mti. Kebo ya namna hiyo haitengenezeki, vuta nyingine kwa njia nyingine.

Taa inawaka lakini pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza kifaa kama kipo) hairudi: angalia anwani ya IP na maski (namba inayosema anwani zipi ni za jirani) kwenye vifaa vyote viwili, namba kwa namba, ukisoma kwa kidole. 192.168.10.11 na 192.168.100.12 zinafanana sana ukiwa umechoka. Maski ndiyo husahaulika zaidi. PLC yenye 192.168.10.11 na maski ya 255.255.255.240 inaamini jirani zake wanaishia 192.168.10.14. Ukimpa mwenzake 192.168.10.20, hiyo ya kwanza itamwona ni mtu wa nje, itatafuta geti (njia ya kutokea kwenda mitandao mingine), na kama geti halijawekwa haitatuma kitu. Kwenye skrini zote mbili anwani zinaonekana sawa kabisa. Kama swichi inasimamiwa, hakikisha pia poti zote mbili ziko kwenye VLAN moja (kundi moja la mtandao ndani ya swichi). Hilo huchukua dakika moja kuliona.

Pingi inarudi, data haiji. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, kwa sababu wamekwisha kusema "mtandao uko sawa". Pingi inajibu swali moja tu: je, kadi ya mtandao ya kifaa kile iko hai? Haijui lolote kuhusu itifaki. Modbus TCP inatumia mlango 502 (namba ya huduma ndani ya kifaa). Siemens za familia ya S7 hutumia 102. EtherNet/IP hutumia 44818 kufungua mazungumzo, na 2222 ya UDP kwa data ya mfululizo. Kwenye kompyuta ya Windows, amri ya Test-NetConnection ikipewa anwani na namba ya mlango itakuambia kama mlango uko wazi.

Kila kampuni ina kufuli zake. Kwenye S7-1200 na S7-1500 za Siemens, PLC nyingine haiwezi kusoma kwa amri za PUT na GET mpaka uruhusu kwenye mipangilio ya ulinzi, na bloku ya data yenyewe iwe imeondolewa ule mpangilio wa kumbukumbu ulioboreshwa. Ukitimiza moja ukasahau la pili, bado hupati kitu. Kwenye PLC za Logix za Rockwell, tagi (data yenye jina) inayozalishwa upande mmoja na kutumiwa upande wa pili lazima ziwe za aina moja na ukubwa uleule. Mtu akiongeza kipengele kimoja upande wa mzalishaji bila kumwambia mwenzake, muunganisho unakataliwa. Kisha kuna idadi: PLC ina kikomo cha wageni inaoweza kuhudumia kwa wakati mmoja. Skrini mbili, kompyuta ya ofisi inayokusanya takwimu, simu ya meneja, na PLC yako wewe uliyekuja mwisho unakuta viti vimejaa. Zima mmoja wa wale wengine, uone kama unaingia.

Data inakuja, lakini ni ya ajabu

Usikisie. Tuma thamani unazozijua.

Tuma 1. Ikifika 256, baiti zimebadilishana nafasi. Tuma 300: ikifika 11265 ni ugonjwa uleule, kwa sababu 300 kwa heksadesimali (hesabu ya kumi na sita) ni 012C, na ukigeuza unapata 2C01. Siemens huweka baiti nzito mbele, Logix huweka nyepesi mbele, na mmoja akimwekea mwenzake data bila tafsiri ndiyo matokeo yake.

Namba za desimali zinadanganya kwa namna nyingine. Namba ya biti 32 haienei kwenye rejista moja ya Modbus, ambayo ni ya biti 16, basi inakatwa vipande viwili. 100.0 ni 42C8 na 0000. Vikipangwa kinyume unapata 000042C8, ambayo ni namba ndogo mno kiasi kwamba skrini itaandika 0.00. Fundi anaona sifuri, anadhani kihisi kimekufa, anakwenda kukibadilisha. Nimeona kihisi kizima cha shinikizo kikitupwa kwa sababu hii, na kifaa kile si cha bei ya mchezo. Kabla ya kupanda ngazi kwenda kwenye kihisi, fungua rejista mbili mbichi kwa heksadesimali. Ukiona kitu kama 42C8 popote, data imefika na kihisi ni kizima. Geuza mpangilio wa maneno (vile vipande vya biti 16) kwenye programu, basi.

Kama kila thamani inaonekana ni ya jirani yake, yaani joto liko penye shinikizo na shinikizo liko penye mtiririko, umekosea kwa hatua moja. Rejista inayoandikwa 40001 kwenye kitabu husafiri waya kama anwani 0. Programu nyingine hutoa hiyo moja yenyewe, nyingine hukuachia utoe. Msimbo wa kosa 02 wa Modbus unatoka ukoo huohuo: umeomba anwani isiyokuwepo. Ukipata 03, hesabu umeomba rejista ngapi. Ombi moja la kusoma lina kikomo cha rejista 125, la kuandika 123. Gawanya.

Thamani ikirukaruka kati ya namba mbili, tafuta waandishi wawili. PLC zote mbili zinaandika mahali pamoja, au skrini na PLC. Kila data iwe na mwenyewe mmoja anayeiandika, wengine wasome tu.

Inakuja na kwenda

Hapa saa uliyoiandika mwanzoni ndiyo inayokusaidia.

Ikikatika kila mota kubwa inapoanza, tembea na kebo kwa miguu. Utaikuta imelala trei moja na nyaya za draivu ya mota. Zitenganishe, zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba. Swichi inayosimamiwa ina hesabu ya fremu mbovu kwa kila poti: iandike, washa mota, iandike tena. Ikipanda, umeshapata. Kati ya jengo na jengo usivute shaba hata kama mita zinatosha. Kandokando ya Ziwa Viktoria radi ni nyingi, na shaba iliyounganisha majengo mawili huleta mshindo wake moja kwa moja hadi kwenye poti ya PLC. Faiba haipitishi.

Ikienda vizuri data ikiwa kidogo na kukwama ikizidi, angalia kasi za poti. Mtu amefunga PLC kwenye megabiti 100 njia mbili kwa wakati mmoja, swichi imeachwa ijichagulie. Swichi itaitambua kasi, lakini haiwezi kujua habari ya njia mbili, hivyo itachagua njia moja kwa zamu. Upande mmoja unasema wakati wowote, mwingine unasubiri zamu, na fremu zinagongana. Pande zote mbili zijichagulie, au zote mbili zifungwe sawasawa.

Ikifanya kazi dakika nne na sekunde kadhaa kisha ikafa, na ukianzisha upya inakupa dakika nne nyingine, nina jibu ambalo lilinichukua siku mbili kulipata mara ya kwanza. Ni EtherNet/IP ya multikasti (data inayotumwa kwa wengi kwa mpigo) kwenye swichi yenye IGMP inayochuja (inayoipeleka kwa walioiomba tu), lakini hakuna kifaa kinachouliza nani bado anataka data. Swichi husubiri sekunde 260 kwa mpangilio wa kawaida, haisikii mtu, inahitimisha kwamba hakuna anayehitaji, inafunga bomba. Washa kazi ya kuuliza kwenye swichi moja, au hamisha muunganisho utumie yunikasti (mmoja kwa mmoja) kama PLC zako zinaruhusu.

Wizi wa anwani una dalili yake: inakatika bila mpangilio, zaidi saa za kazi, na Jumapili iko salama. Kuna mtu ameleta kamera, printa au ruta yenye anwani ya PLC yako. Kipimo ni hiki. Piga pingi kwenye anwani ya PLC, kisha andika amri ya arp -a (orodha ya IP na MAC zake), nakili anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao). Sasa chomoa kebo ya PLC hiyo, ukiwa umeshaweka mitambo salama, ufute orodha ya ARP, upige pingi tena. Ikijibu, si PLC inayojibu. Linganisha MAC mpya na ile ya kwanza. Tarakimu sita za mwanzo zitakuonyesha mtengenezaji, na mara nyingi hilo latosha kujua ukatafute kamera au printa.

Na kama taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja kwa kasi moja, na kila kitu kimekufa kwa mpigo, kebo moja imechomekwa ncha zote mbili kwenye mtandao uleule. Ujumbe wa kutangaza unazunguka bila mwisho. Chomoa moja moja hadi taa zitulie. Aliyechomeka kwa kawaida alikuwa anasafisha paneli, akaona ncha inaning'inia, akadhani imechomoka. Usimfokee, ila funga poti zisizotumika na uweke lebo kwenye kila kebo.

Ukishindwa na haya yote, sikiliza waya kwa programu ya Wireshark. Lakini kuchomeka kompyuta kwenye poti yoyote ya swichi hakutakuonyesha mazungumzo ya PLC mbili, kwa sababu swichi humpelekea mhusika peke yake. Unahitaji swichi inayosimamiwa, uiambie inakili poti ya PLC kwenye poti yako. Mimi hubeba moja ndogo ya poti tano begini kwa kazi hiyo tu. Weka kichujio tcp.port == 502, utaona swali na jibu, na muda kati yake.

Umeme ukirudi, PLC hazisalimiani

Umeme wetu ni wa volti 240, lakini siku za mvua hukatika, jenereta inashika, inaachia, unarudi, unayumba. Kila mshtuko wa namna hiyo ni kuzimwa na kuwashwa. PLC huamka kwa sekunde chache. Swichi inayosimamiwa inaweza kuchukua dakika nzima, na STP (kinga ya swichi dhidi ya mizunguko) ya zamani huongeza sekunde 30 kabla ya poti kupitisha data. PLC inauliza, hakuna anayejibu, inaandika kosa. Kama mwandishi wa programu alituma ombi mara moja tu na hakuweka kurudia, itabaki na kosa lake hadi mtu aje kuizima na kuiwasha, na kila mtu atasema PLC ni mbovu.

Rekebisha kwenye programu: ombi likishindwa, lisubiri sekunde 5, lifutwe, litumwe tena, bila kikomo. Poti za PLC kwenye swichi zipewe ruhusa ya kupitisha mara moja bila kusubiri STP. Halafu angalia kama PLC ina anwani ya kudumu. Baadhi hutoka kiwandani zikisubiri kupewa anwani na BOOTP au DHCP (huduma za kugawa anwani mtandaoni). Fundi aliipa moja kwa kompyuta yake siku ya kufunga, akasahau kuifanya iwe ya kudumu, na umeme wa kwanza kukatika ukaipoteza.

Swichi na konveta ziunganishwe kwenye chanzo kilekile cha volti 24 chenye akiba kinacholisha PLC. Nimekuta PLC iko kwenye UPS na swichi imechomekwa kwenye soketi ya ukutani pamoja na birika la chai.

Kisha jaribu mchana, mwendeshaji akiwa amejulishwa: zima kikata-umeme cha paneli nzima, subiri sekunde 10, washa. Zima tena kabla swichi haijamaliza kuamka, washa. Zima chini tu, washa. Zima juu tu, washa. Kila mara tazama rejista ya mapigo mpaka namba ianze kupanda yenyewe, bila mkono wa mtu, na uandike imechukua sekunde ngapi.